Neno Nililoandika Kwenye Fomu

Nilipokuwa mwaka wa nne chuoni, mjini Kisii, nikisomea ushauri nasaha, mhadhiri wangu alinichukua niwe msaidizi katika utafiti wake. Alikuwa mama mtu mzima kutoka upande wa ziwa, msomi wa lugha na ushauri nasaha, nasi wanafunzi tulimwita Daktari. Alitaka kujua wasichana wa shule za bweni huchagua lugha gani wanapoeleza jambo linalowaumiza. Tuliweka sanduku la mbao la kutilia barua nje ya chumba cha ushauri katika shule moja kule Manga, tukalitia kufuli, ufunguo ukakaa kwangu. Daktari hakujua Ekegusii, lugha ya wenyeji. Mimi ni wa Nyamache, kwa hivyo barua za Ekegusii nilizitafsiri mimi.

Siku ya kwanza aliniomba nizungumze na wasichana kwenye paredi ya asubuhi kwa lugha ya nyumbani, ili watuamini. Niliwaambia wasiandike majina, na kwamba hakuna mwalimu wa shule ile atakayesoma neno lao hata moja. Wachache walitabasamu kusikia Ekegusii pale pale walipokuwa wakiadhibiwa kwa kuizungumza.

Mwanzoni barua zilikuwa za kawaida. Kwa Kiingereza waliandika kuhusu mitihani, kwa Kiswahili kuhusu marafiki na wavulana. Za Ekegusii zilikuwa chache na fupi. Mwezi wa pili nikaanza kuona kati ya hizo mwandiko mmoja uliolalia kushoto, kwenye vipande vya karatasi ya hesabu. Cha kwanza kilisema: siku hizi nikiingia bwenini watu wananyamaza. Wiki iliyofuata: dumu la mafuta ya taa halipo tena jikoni. Wiki ya tatu: waambie wa bweni la juu walale na viatu.

Hicho cha mwisho nilikisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye sanduku. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani. Nikawaza moto, nikapanda hadi bweni la juu. Madirisha yalikuwa na vyuma vilivyochomelewa, na mlangoni ulining'inia mnyororo. Matroni aliniambia kwamba wasichana wakishaingia yeye hufunga kwa nje, maana walikuwa na tabia ya kutoroka. Alinieleza hivyo huku akianika matambara, bila wasiwasi wowote.

Mchana huo nilimpelekea Daktari tafsiri ofisini kwake. Aliisoma mara mbili.

"Anatisha au anaonya?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba maneno yale yanaweza kuwa yote mawili.

Daktari aliamua kwamba uhai wa wasichana unatangulia usiri wetu, lakini mkuu wa shule angepewa ujumbe tu, si karatasi yenyewe. Akaniambia nijaze fomu yetu ya utafiti. Ilikuwa na nafasi ya kutaja aina ya ujumbe. Nikaandika: tishio. Moyoni niliamini ni onyo. Ila niliogopa kwamba nikiandika onyo, mkuu angeisukuma ile fomu chini ya mafaili yake na mnyororo ungebaki mlangoni. Sikumwambia Daktari nilichowaza. Alitia sahihi.

Tulipompelekea fomu, mkuu wa shule aliisoma polepole. Aliomba karatasi yenyewe, Daktari akamkatalia kwa adabu. Akaahidi kwamba mlango hautafungwa tena kwa nje, na ahadi hiyo aliitimiza. Tukarudi mjini tukiwa na nafuu kidogo.

Wiki iliyofuata ufunguo wangu haukuingia kwenye kufuli. Nilijaribu mara tatu kabla ya kutambua kwamba kufuli lilikuwa jipya. Naibu wa mkuu alitoka ofisini akatuambia tusihangaike, mwenye vitisho amepatikana. Walikuwa wamevunja kufuli, wakapata karatasi nyingine ya Ekegusii, ya mwandiko uliolalia kushoto, wakailinganisha na madaftari ya kidato cha tatu. Msichana alikuwa amerudishwa kwao siku mbili zilizopita.

"Fomu yenu ilitusaidia sana," alimwambia Daktari.

Daktari aliuliza karatasi hiyo mpya ilisema nini. Naibu akajibu kwamba ilisema watafanya siku ya ibada.

"Amesema watafanya," Daktari alisema. "Hakusema tutafanya."

Naibu akasema kwamba mtoto mjanja hujificha hivyo hivyo, na kwamba mambo ya shule yaachiwe shule.

Jumamosi, shule nzima ikiwa ukumbini kwa ibada, bweni la juu liliteketea. Hakukuwa na mtu ndani. Baadaye polisi waliwachukua wasichana wanne. Yule wa mwandiko uliolalia kushoto hakuwa mmoja wao. Siku moto ulipowaka alikuwa kwao, chini ya ukingo wa Manga, akichuma majani chai na mamake.

Huko ndiko nilikomkuta. Mama alinikaribisha kwa upole, kisha akainama akaendelea kuchuma, kana kwamba hatusikii.

"Ni wewe uliyesema hakuna mwalimu atakayesoma," msichana aliniambia.

"Ni mimi."

"Ulisema kwa lugha yetu. Ndiyo maana niliandika."

Nilimweleza kuhusu lile neno nililoandika kwenye fomu, na sababu yake. Aliniuliza kama wangeondoa mnyororo iwapo ningeandika onyo. Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui. Kisha akaniambia kwamba wawili kati ya wale wanne ni wa kijiji kile kile, wameshaachiliwa, na mama zao hawasalimiani tena na mamake. Alisema yeye mwenyewe siku hizo hateremki mtoni peke yake, kwa kuwa wanamwona ndiye aliyewachongea.

Daktari aliandikia ofisi ya elimu, na shule ikasema msichana anaweza kurudi. Babake alikataa. Sasa anasoma shule ya kutwa karibu na Suneka, anakaa kwa shangazi yake. Utafiti ulisimamishwa. Daktari alinitaka niandike katika ripoti yangu nilichofanya na kwa nini, bila kujitetea, nikaandika. Aliniuliza pia kama bado ninataka kuwa mshauri nasaha. Nilimwambia nitamjibu baada ya mitihani. Mitihani nimefanya, jibu bado sijampa.