Tulivyomheshimu Mzee Mihayo

Ukiuliza watu wa Somanda hapa Bariadi habari za Mzee Mihayo Nkinda, watakwambia kikundi chetu kilimpenda na kumheshimu sana. La kumpenda sina uhakika nalo. La kumheshimu ni kweli tupu, na ndilo linaloninyima raha hadi leo, kwa sababu wazo lilitoka kichwani mwangu mimi, Nyamizi, mpishi mstaafu wa shule, mwanamke wa miaka sitini na tisa ambaye alipaswa kuwa na akili.

Nianze na kikundi chenyewe. Tulikuwa kumi na sita, wote wa mvi au vipara, na tulicheza wigashe. Asiyeijua aelewe kwamba hiyo ni ngoma ya kukaa: mnapanga vigoda mstari mmoja, mnaimba, na mikono yenu inakwenda pamoja, juu, kando, kifuani. Zamani ilikuwa ya vijana wanaotafutana uchumba. Sisi tuliichukua kwa sababu magoti yamegoma na mabega bado yana uhai. Kila Jumamosi saa kumi alasiri tulikutana kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Mtu akikosa Jumamosi mbili mfululizo, mmoja wetu lazima aende kubisha hodi kwake. Wengi wetu tunaishi peke yetu, watoto wako Mwanza na Dar, na kuna wiki ambazo Jumamosi ndiyo siku pekee unayosikia mtu akikuita kwa jina lako.

Mihayo alifanya kazi miaka thelathini na mitano kwenye mashine za kuchambua pamba kule Maswa. Alirudi Bariadi na kikohozi, sikio moja zito, na mke wake Evalina, rafiki yangu, ambaye alichechemea kwa sababu ya nyonga. Alikuwa mrefu, mkavu, mchelewaji wa kusema, ila akisema unashika mbavu. Sauti yake nzito ndiyo iliyotushikilia tusipotee katikati ya wimbo.

Na alikuwa na mtani wake, Mboje, dalali wa mnada wa ng'ombe, aliyemzidi umri kwa miaka miwili. Koo zao zimetaniana tangu mababu. Walikaa vigoda vya jirani makusudi ili wapate kusemana.

"Mboje, wewe ungemuuza hata shemeji yako mnadani, ukasema ni mtamba."

"Afadhali mimi. Wewe pamba imekujaa kichwani, ukipiga chafya tunapata godoro."

Tulijiunga kwa ajili ya ngoma, lakini wengi wetu tulikuwa tunakuja kuwasikiliza hao wawili.

Evalina alifariki mwezi wa tatu, presha ilimchukua asubuhi akiwa anakoka moto. Kaburini Mboje alifanya kazi yake. Mtani ana kazi msibani: kuwachekesha wafiwa ili wasizikwe pamoja na maiti wao. Alijifunga kitenge cha marehemu, akashika fimbo yake, akazunguka kaburi akichechemea vile vile, akasema kwa sauti nyembamba ya Evalina, "Mihayo! Maji ya kuoga yako wapi? Mimi nasafiri, wewe umesimama tu kama nguzo ya umeme!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo inavyotakiwa. Mihayo mwenyewe alifanya makubwa kuliko hayo. Mama yake Mboje alipozikwa, yeye alishuka kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka alipoahidiwa mbuzi.

Kumbe mkuki kwa nguruwe mtamu. Mihayo alimpokonya Mboje ile fimbo akampiga nayo usoni. Damu ilimtoka juu ya jicho. Kumpiga mtani msibani, tena anayekuzikia mkeo, sijawahi kuona wala kusikia. Mboje hakurudisha. Alifungua kitenge, akakikunja vizuri, akampa Lucy, binti wa marehemu, kisha akamgeukia Mihayo.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema. "Pole sana kwa msiba."

Yaani aliyezaliwa kwanza anamwita mdogo wake mzee wangu; mtani akianza kukuheshimu, amekutenga. Mihayo aliitazama fimbo mkononi mwake, akaiweka chini taratibu. Nilimwona wazi kwamba alishajuta. Nilimwona, na sikumwonea huruma.

Baada ya matanga alikuja uwanjani akiwa na jogoo kwapani. Kwetu ukikosa unatozwa, jogoo au mbuzi kulingana na kosa. Watu wanakula, wanakucheka, yamekwisha. Yeye alijitoza mwenyewe kabla hajaambiwa.

"Wenzangu, nimekosa," akasema. "Mboje, nimekukosea. Huyu hapa. Mleni, na mnicheke."

Mboje akasimama. Jeraha lilikuwa bado halijapona.

"Shikamoo mzee," akasema. "Mtu mzima kama wewe hatozwi. Rudi na jogoo wako."

Palikuwa na nafasi hapo ya mtu kusema, jamani, mpokeeni. Mimi ndiye katibu, na kwa kawaida mdomo wangu haujui kupumzika. Lakini nilikuwa na hasira. Kicheko kile cha kaburini kilikuwa haki ya Evalina, na Mihayo alimkatizia. Basi nikasimama nikasema, "Tena mzee kama huyu hafai kukaa kigodani. Tumfanye mlezi wa kikundi." Wote wakapiga makofi.

Kila aliyewahi kuhudhuria kikao anajua mlezi ni nani. Ni yule anayepewa kiti cha mikono, meza ndogo yenye kitambaa na chupa ya maji, anasalimiwa wa kwanza, na hafanyi chochote. Tuliazima kiti ofisini, tukakiweka mbele, kinatutazama. Kigoda chake tukakiondoa, tukasogea kuziba pengo.

Jumamosi zilizofuata tulimpa heshima ya kumtosha mtu hadi kaburini. Shikamoo mmoja mmoja. Mimi nilimpelekea chai kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Hakuna aliyemwambia amechelewa, hakuna aliyemuuliza kama amekula. Tuliimba vibaya bila sauti yake, na yeye alisikia kwa lile sikio zima. Midomo ilimcheza, mikono ikataka kuinuka, akaishikilia kwenye kiti.

Siku moja alijaribu. Tulikuwa tumemaliza wimbo, akasema kwa ule uso wake mkavu, "Mboje, leo umeimba kama fahali aliyekosa mnunuzi."

Kicheko kilitufika kooni wote. Tukamtazama Mboje. Mboje akainamisha kichwa.

"Kweli, mzee. Tutajirekebisha."

Basi hakuna aliyecheka. Mihayo alichukua chupa ya maji, akafungua kifuniko, hakunywa, akafunga tena.

Baada ya hapo hakuja. Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipopita ya nne nikaona tutasemwa na mtaa, nikaenda mimi. Nilimkuta ameketi mlangoni, ua haujafagiliwa, miguu imevimba. Shati lake alikuwa amelivaa ndani nje, mishono yote inaonekana. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mzee."

"Mwadila, mayu," akaitikia kwa Kisukuma. "Inuka, mama, utaumia magoti bure."

"Kikundi kimenituma kukujulia hali."

"Mhola duhu," akasema, mzima tu, kama anavyojibu kila Msukuma hata akiwa anakufa. Kisha akaniuliza, "Nyamizi, sina kasoro ya kuchekwa mimi?"

"Huna, mzee."

"Nina sikio bovu. Nina miguu kama mihogo. Hili shati nimelivaa hivi tangu asubuhi, umeliona ulipoingia, umenyamaza. Nitanie basi. Neno moja tu, nijue bado niko na watu."

Lilikuwa mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba hata nguo zake zimemchoka, zimempa mgongo. Lingemtosha, na mimi lisingenipunguzia kitu. Nikalimeza.

"Siwezi, mzee," nikasema. "Wewe ni mlezi wetu."

Nikainuka, nikakung'uta vumbi, nikaondoka. Sitadanganya kwamba niliondoka na uchungu. Nilitembea mpaka kwangu nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi niliwasimulia wenzangu, tena kwa kuigiza sauti yake: neno moja tu, nijue bado niko na watu. Walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Mboje peke yake hakucheka.

"Alisema hivyo kweli?" akauliza.

"Hivyo hivyo."

Mboje alipapasa kovu lake. "Basi kesho nikitoka kanisani nakwenda kwake. Nitamsema yule namhala, kizee kile, mpaka ajute kuzaliwa. Nimechoka, Nyamizi. Tangu tumzike Evalina sijacheka mimi."

Ungewaona wazee wale! Walifurahi kama watoto waliofunguliwa shule. Kila mtu akaanza kumpa Mboje maneno ya kwenda kusema, huyu la miguu, huyu la sikio. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimeliungama kwa padri mara mbili na bado halijaniondoka.

"Ngojeni Jumamosi ijayo," nikasema. "Mwacheni wiki moja ajifunze. Tukimkimbilia leo ataona tumemwogopa."

Wakanisikiliza. Mboje alisita, akasema wiki si ndefu.

Jumatano kiharusi kikampiga Mihayo. Jirani aliyesikia mbuzi wakilia bila kufunguliwa ndiye aliyemkuta sakafuni. Alilazwa wiki tatu huko Mwanza, ambako hakuna kati yetu aliyeweza kufika. Lucy aliacha biashara yake Maswa, akaja kumuuguza, na alipomrudisha nyumbani upande wote wa kulia ulikuwa hausikii amri.

Siku ile aliyorudi hatukuulizana. Ilikuwa Jumamosi, kila mtu alibeba kigoda chake, tukaongozana hadi uani kwake kama watu wanaokwenda kutoa mahari. Tulifagia. Lucy akamtoa nje, tukamweka katikati ya mstari, mimi kulia kwake, Mboje kushoto. Kiti cha mikono hatukukigusa, tulikiacha ofisini. Hakuna aliyesema shikamoo.

Mboje alikuwa amejiandaa. Alimsogelea upande wa sikio zima, akampigia kelele.

"Mihayo! Kumbe hata ugonjwa umekuogopa kwa urefu wako, umeona ukubebe nusu nusu!"

Tulicheka wote, kicheko tulichokuwa tumekibana miezi minne. Hata Lucy alicheka, akafuta macho kwa upande wa khanga. Kisha tukatulia, tukamtazama Mihayo, tukasubiri. Tulijua anakawia kusema. Tulijua jibu likija litatuvunja mbavu.

Alimtazama Mboje kwa muda mrefu. Mdomo ukahangaika, shingo ikakaza.

"Asante," akasema.

Mboje akadhani hakusikia. Akaongeza. Akamsema miguu, akamsema pamba, akamsema babu yake aliyekimbia fisi akamwacha mkewe. Alikuwa anasema kwa bidii, jasho linamtoka, na kila alipopumzika Mihayo alijibu kwa adabu, "Asante."

Lucy ndiye aliyetuambia. Alisema daktari amemweleza kwamba maneno yote yameondoka, limebaki hilo moja. Akitaka maji anasema asante. Akiumwa anasema asante. Alipomwona binti yake kwa mara ya kwanza wodini alilia, akasema asante.

Mboje alirudi kukaa kwenye kigoda chake. Alikaa ametazama mikono yake. Mtu mmoja mwishoni mwa mstari akaanzisha wimbo, sijui nani, na wengine tukafuata kwa kuwa hatukujua la kufanya. Mkono wa kushoto wa Mihayo ulikwenda nasi, juu, kando, kifuani, bila kukosea hata mara moja. Wa kulia ulilala pajani. Nikaushika, nikauinua pamoja na wangu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Tangu siku hiyo tunakutana kwake kila Jumamosi, na mkono huo ni kazi yangu. Wenzangu wanasema nina moyo wa huruma. Nimejaribu kumtania, na maneno ninayo, tele. Wiki iliyopita nilimwambia moja zuri kuliko yote niliyowahi kutunga maishani, la kumvunja mbavu mtu wa Somanda yeyote. Wote walicheka. Mihayo aligeuza kichwa taratibu, akanitazama mimi, si Mboje, si mwingine, akaniambia asante, na sikuwa na pa kuuficha uso wangu.