Mshale wa Juu

Katika ofisi ya bwawa walimwita Bi Mishale. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kusoma kina cha maji, kwa lugha ya kompyuta inayotumia alama badala ya maneno: mishale, nyota, vikombe vilivyolazwa ubavu. Mstari wake mmoja ulifanya kazi ya ukurasa mzima.

Siku walipowasha kompyuta mpya, chai haijapoa, skrini iligeuka nyekundu: bwawa linafurika.

"Napiga king'ora, watu wa bondeni wahame," alisema mkuu wake, kidole tayari kwenye swichi.

Bi Mishale aliruka kutoka kitini. Bondeni ndiko alikokaa mama yake, mguu kwenye plasta. Akampigia simu mdogo wake. "Mbebe mama, mpandishe kilimani. Maswali baadaye!"

"Haya, dada."

Ndipo akakimbilia dirishani. "Mkuu, hebu njoo. Maji hayajafika hata nusu ya ukuta!"

"Mashine inasema uongo?"

"Hapana. Haikunielewa. Nipe nafasi kidogo."

Mkuu hakuondoa kidole. Bi Mishale alisoma mistari yake jasho likimtiririka, mpaka akafika kwenye mshale unaotazama juu.

"Nimekupata! Kwenye kompyuta ya zamani, mshale huu ulimaanisha 'chukua cha kwanza', yaani kipimo kipya kuliko vyote. Hii mpya ina lahaja yake: kwake, mshale ni 'tandaza vyote viwe jedwali'. Imejumlisha vipimo vyote vya tangu jana, kana kwamba ni kina kimoja!"

"Alama ileile?"

"Ileile. Kama neno dada, mkuu. Kwa huyu ni ndugu yake wa damu, kwa yule ni msaidizi wa kazi za nyumbani. Ukikosea nyumba, utamtuma dada wa mwenyewe akuoshee vyombo."

Akafuta mshale, akaweka kikombe kilicholazwa, ambacho kwa lahaja mpya ndicho 'cha kwanza'. Skrini ikawa kijani. Mkuu alijitupa kitini, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"We mtoto, nimebebwa kama gunia la mkaa! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Salama kabisa. Rudini nyumbani."

"Nani arudi? Tangu nivunjike sijaona jua. Huku kuna upepo mtamu, na nduguyo amelala chali anahema. Tuache kwanza."

Bi Mishale akalaza kichwa mezani, akacheka hadi machozi.