Maji ya Gisenyi Hayafiki Mia

Mimi ni mtu wa hasira, na wanafunzi wangu wanalijua hilo kabla hawajalijua jina langu. Nafundisha kemia ya kifizikia kwa mwaka wa kwanza wa uhandisi hapa Gisenyi, katika chuo ambacho madirisha ya maabara yake yanatazama ziwa. Ukitaka kuiona hasira yangu vizuri, niletee ripoti inayosema kwamba maji uliyoyachemsha humu ndani yalitokota kwa nyuzi mia.

Hayafiki mia. Si huku kwetu. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyakalia, na sisi tuko juu milimani, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Mvuke unashinda mapema. Kwenye tisini na tano hivi maji yanatokota, na hata uyachochee moto namna gani, hayapandi tena. Kila mama wa Gisenyi anaijua habari hii bila kuambiwa na mtu, maana maharage yake yanakula makaa kutwa nzima na bado yanagonga meno. Kila mwaka naanza somo kwa maharage hayo. Wanafunzi wanacheka, nami nawaacha wacheke.

Tatizo ni shule ya msingi. Mimi nilisomea Goma, ng'ambo ya mpaka, kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Darasani tuliimba kwa Kifaransa kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia, na aliyekosea alinyoosha viganja akala rula. Wanafunzi wangu nao waliimba wimbo uleule kwa lugha nyingine. Basi wanakuja maabara, wanatumbukiza kipimajoto, wanaona tisini na tano kwa macho yao, halafu wanaandika mia. Sidhani kama wanakusudia kudanganya. Nadhani wanakionea haya kipimajoto. Wanaamini kifaa cha chuo chetu kimechoka, na kwa malezi yao mazuri wanakisitiri, kama mtu anavyomsitiri mgeni aliyekosea mlango. Muhula mzima nawapigia kelele: andikeni mnachokiona. Wanaitikia, "Ndiyo, Madame," wanaenda kuandika mia.

Mwaka jana kati yao alikuwemo binti mmoja kutoka Rubona. Mama yake anauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, na tilapia bandarini, na yeye mwenyewe alikuwa akirudia somo langu baada ya kuanguka mara ya kwanza. Kanuni ya chuo haina huruma: ukianguka somo lilelile tena, unatoka uhandisi. Naye alitaka uhandisi wa maji na si kitu kingine. Hakuwa mwepesi. Hesabu zilimtoa jasho, na Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya masomo, kilimkimbia kila alipotazamwa. Lakini alikuwa na tabia moja niliyoipenda: hakuandika kitu asichokielewa. Mara nyingi hiyo ilimaanisha hakuandika chochote.

Siku chache kabla ya mtihani wa maabara alinifuata mlangoni.

"Madame, mi nitajua namna gani kama hii termometre haiko inadanganya?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu nianze kufundisha. Nikamwambia atafute barafu inayoyeyuka. Hewa iwe nzito au nyepesi, barafu haijali sana. Sifuri yake ni sifuri huku, na ni sifuri pwani. Akaniambia friji la maabara limeharibika. Nikamjibu hilo ni tatizo lake, nikaenda zangu. Ndivyo ninavyofundisha, na sitaomba radhi.

Mtihani wenyewe husimamiwa na mtahini wa kutoka nje. Mwalimu wa somo anakaa nyuma, mdomo kaufunga. Akisema neno moja la kumsaidia mwanafunzi, mtihani wa mwanafunzi huyo unafutwa. Mtahini wetu alikuwa mzee mtaratibu aliyerudi kutoka Tanzania. Alikulia Dar es Salaam na kusomea huko, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba wanafunzi walikaa wima kukisikiliza. Kabla ya kuanza akataka kuwatoa woga.

"Msiogope, vijana. Zoezi ni jepesi. Nyote mnajua maji yanachemka nyuzi ngapi. Mimi nataka tu kuona mnavyofika huko."

Alisema kwa wema kabisa. Nilitamani kumrushia kiatu. Kwa sentensi moja alikuwa ameufuta muhula wangu mzima.

Moto ukawashwa, maji yakaanza kutokota. Toka nilipokaa niliona uzi mwekundu wa kipimajoto umesimama tisini na tano meza baada ya meza, na mkono baada ya mkono ukiandika mia. Hata wale niliowatumainia. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wangekuja maabara yangu asubuhi ile, wangelitazama upya.

Yule binti alikaa meza ya mwisho. Miguuni pake palikuwa na ndoo ndogo yenye kifuniko, na ndoo hiyo ilinuka samaki. Nikadhani amepitia kwa mama yake akabeba mboga ya jioni. Nikakasirika zaidi.

Mtahini akafika kwake, akaisoma karatasi, akainua miwani.

"Tisini na tano. Wenzako wote wana mia."

"Yes, sir. I saw," akajibu, kisha Kiingereza kikamwishia. "Mwalimu, naomba niseme mu Kiswahili."

"Sema, binti."

"Mi nilijiuliza kama ni hii termometre njo mubaya. Donc, basi, nikaleta barafu." Akainama akafunua ndoo. "Ni ya samaki ya mama. Mutanisamehe harufu."

Ilikuwa barafu ile wanayolazia tilapia. Akaiponda, akaitia kwenye bika na maji kidogo, akakoroga, akatumbukiza kipimajoto kilichokwisha kupoa. Uzi ukashuka polepole, ukatua kwenye sifuri, ukakaa hapo. Darasa zima lilikuwa limeacha kazi zake linatazama.

Mtahini hakuwa mtu wa kuridhika upesi, na kwa hilo nilimheshimu.

"Vizuri. Lakini kipimajoto kinaweza kusema kweli chini kikasema uongo juu. Nami nimechemsha maji Dar maisha yangu yote. Yanafika mia."

Alisema kweli. Kule kwake yanafika. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Jibu lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nikilitoa tu, binti anakwenda nyumbani. Hasira hasara, nikajikumbusha, na sikumbuki lini tena nilipata kujikumbusha hivyo.

Binti akayatazama maji yake. Nikaanza kuogopa kwamba atafanya anavyofanya siku zote, aache mahali pa jibu patupu. Kisha akasogea meza ya jirani, akaomba kipimajoto cha mwenzake, cha aina nyingine kabisa, akakitia kwenye maji yake yanayotokota. Tisini na tano. Akaenda meza ya pili, akachukua kile cha betri. Tisini na tano. Wenye vifaa hivyo, ambao karatasi zao zilisema mia, walikuwa wanachunguza dari.

"Hizi hazikupatana kudanganya," akasema. "Na ya Dar nayo haidanganye. Dar iko chini, kwa bahari. Hewa ya kule iko nzito, inakandamiza maji, njo maana inaomba moto mingi mpaka ifike mia. Ya huku iko nyepesi. Mvuke inatoka mbio."

"Hayo ni maneno. Nipe hesabu."

Hesabu ndiyo iliyomwangusha mwaka uliotangulia. Akachukua chaki. Akamwomba mtahini presha ya hewa, na mzee akatoa simu yake yenye kuipima, akamsomea: milibari mia nane na hamsini, badala ya elfu moja na kumi na tatu ya usawa wa bahari. Akaandika ile kanuni inayofungamanisha mgandamizo wa mvuke na joto, yenye logi ndani yake. Akakosea alama, akafuta kwa kiganja, akaandika upya. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aliiweka chaki mezani, akapangusa mikono kwenye koti la maabara. Ubaoni palikuwa na tisini na tano na ushee kidogo.

Mtahini akautazama ubao, akayatazama maji, akaurudia ubao. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepata kitu chake kilichopotea ndani ya nyumba.

"Kanuni hii naifundisha kila mwaka," akasema. "Na kila asubuhi nachemsha chai hapa Rwanda. Haijanijia hata siku moja kuzikutanisha."

Akaandika alama zake kwenye karatasi. Toka nyuma sikuziona, lakini niliona mabega ya binti yakishuka, nikajua amebaki uhandisi. Ningeweza kuimba pale pale. Nilijivuna, nasema wazi, nilijivuna kama mama mwenye harusi, na sioni kwa nini mwalimu ajivune kwa kificho.

Ndipo mzee akamwuliza, "Na nani aliyekwambia uandike tisini na tano? Mwalimu wako?" Akageuka kunitazama.

Nikajiweka sawa kitini. Mimi pia ni binadamu. Nilikuwa nimepiga kelele muhula mzima, na sifa ilikuwa inakuja kwangu kwa miguu yake.

Binti akatikisa kichwa.

"Hapana, Mwalimu. Hakuna mutu aliniambia. Mi niliona, nikaandika."

Mtahini akaniangalia kwa huruma kidogo, kana kwamba nimepokonywa kitu. Hakujua. Kelele zangu zote za miaka yote zilikuwa za kutafuta mtu mmoja wa kulisema hilo, mbele ya mkubwa, bila kunitegemea. Nikatoka nje ya maabara, nikalia kidogo nimeegemea ukuta. Kisha nikafuta uso, nikarudi ndani. Mtahini alikuwa amewaamuru wengine wamwage maji yao, waanze upya.