Leseni ya Dalali wa Viwanja

Pale Tunduma nilikuwa nikiwatafutia wageni nyumba na viwanja, hadi serikali ya Mwingereza ilipotaka kila dalali awe na leseni. Nikaenda bomani kwa miguu. Karani akaniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi. Nilipomjibu la pili, akacheka. "Mzururaji wewe, nenda kachunge mbuzi."

Leseni akampa mpwa wake, mwenye mwandiko mzuri na asiyejua mpaka hata mmoja. Kwetu kiwanja hakiuzwi kabla majirani hawajazungushwa mipakani, wakakubali kwa vinywa vyao. Mpwa akaona huo ni ushamba. Alipima kwa kamba, akaandika, akagonga muhuri. Mnunuzi wake wa kwanza alikuwa mjomba wake, yule yule karani.

Kuta za jiko la karani zilikuwa zimefika kiunoni jirani alipoingiza ng'ombe wake humo, kwa kuwa hapo palikuwa zizi lake tangu enzi za babu yake.

Kesho yake karani akanifuata. "Ndugu yangu, mpaka uko wapi hasa?"

"Naujua, bwana karani," nikamwambia. "Ila kuuonyesha bila leseni ni kosa. Kamuulize mpwa wako."