Mlango wa Mbele wa Baa ya Gachanja

Miaka michache baada ya uhuru, binamu yangu Gachanja alinunua baa ya walowezi karibu na Mweiga, na ukoo mzima ukatakiwa kwenda kuistaajabia. Nilitoka Mukurweini na shangazi yangu, mama mzazi wa Gachanja, aliyebeba kikapu cha nduma.

Hadi Nyeri tulipanda basi. Kutoka hapo tulipata lori la maziwa, likatutikisa pamoja na mikebe hadi tukakaribia kuwa siagi.

Mweiga tulikuta jengo la mawe ya kijivu, paa la vigae vya mbao, na madirisha madogo kama ya jela. Mlowezi aliyelijenga alikuwa akikitamani kijiji chao cha Uingereza, kwa hiyo aliupa Mlima Kenya kisogo na kuyaelekeza madirisha yote kwenye zizi la ng'ombe.

Mlangoni bawabu aliiona tai yangu, akanipisha. Akamzuia shangazi.

“Wamama wanaingia na huko nyuma. Ndio sheria ya hapa.”

“Sheria ya nani?”

“Ya wazungu.”

“Na wako wapi?”

“Walienda kwao.”

“Ati wakasahau kubeba sheria yao,” shangazi alisema.

Gachanja akatoka, tai shingoni, jasho likimtiririka. “Mama, niko na wakubwa ndani. Leo tu, pitia jikoni.”

Shangazi akazunguka nyuma na kikapu chake.

Ndani, maboriti ya dari yalipakwa rangi nyeusi ili yaonekane ya kale. Jengo lilikuwa changa kuliko shangazi. Gachanja aliamuru moto uwashwe kwenye meko ya ukutani, fahari ya baa. Ndege walikuwa wamejenga viota ndani ya bomba, na moshi wote ukaturudia. Wakubwa walikohoa kwa heshima. Kisha mmoja mmoja walikumbuka shughuli nje.

Niliwakuta wakubwa hao jikoni, wamekaa juu ya makreti, wakila nduma kwa supu. Shangazi alikalia kiti pekee.

Gachanja alisimama kizingitini, macho mekundu. Sikujua kama ni moshi.

“Kaa, mwanangu,” shangazi alisema. “Lakini toa hiyo kitu ya shingo, itaingia kwa supu.”

Akaitoa ile tai, akaketi karibu na miguu ya mama yake.

Kesho yake asubuhi, tulipoondoka, Gachanja alimfungulia mama yake mlango wa mbele kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi aliukagua, akasema ni mfupi mno, akapitia jikoni kuwaaga wapishi.

Safari ilinifunza kwamba nyumba hununuliwa kwa siku moja, ila aliyeijenga huchelewa sana kuhama.