Njahi Kando ya Pasheni

Kunde sijapanda maisha yangu yote. Baridi ya Giakanja na kunde, wapi na wapi? Ndiyo maana afisa wa kilimo aliposhika majani ya pasheni zangu, yaliyojikunja na kujaa madoa ya manjano, akasema huenda hivyo ni virusi vya kunde, nilimwomba arudie. Akarudia. Sikuelewa hata mara ya pili.

Hizo pasheni nilizilea tangu zikiwa miche. Kazi yangu ni kuuza misumari na saruji Chaka, lakini jioni nikifika nyumbani nilikuwa naingia shambani kwanza, ndipo namsalimia mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza na hakufurahishwa na mpangilio huo. Sasa matunda yalikuwa yanatoka madogo, ganda gumu kama mbao, na ukipasua, ndani hamna kitu.

Afisa, msichana mpole, alinieleza kwamba mara nyingi virusi hupewa jina la mmea vilikoonekana kwanza, lakini vinaweza kuishi kwenye mimea mingine chungu nzima. Siku hizi hupangwa kwa ukoo, kwa kusoma chembe zao za urithi, na ukoo huu ni mkubwa ajabu: kuna vya kunde, vya maharagwe, hata vya viazi. Nikauliza, basi kwa nini visibadilishwe jina? Dukani kwangu msumari wa inchi tatu ni wa inchi tatu, hata ukiutia sanduku gani. Akacheka. Kisha akatazama ua wa kando ya pasheni na kuuliza zile njahi ni za nani.

Zilikuwa za mama, hayo maharagwe yetu meusi. Alizipanda zitambae kwenye ua huo, kwa mbegu aliyopewa na mama yake alipoolewa. Kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa njahi apate nguvu na maziwa, na mama hakutaka kusikia habari ya njahi za soko. Majani yake nayo yalikuwa na madoa. Afisa akasema vidukari, wale wadudu wadogo wa majani, hunyonya huku wakahamia kule, kwa hivyo mimea hii miwili haifai kukaa pamoja. Nani alimwambukiza nani? Hajui. Akakata majani ya pande zote mbili ayapeleke maabara, akasema tungoje.

Mama hakungoja. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, akisikiliza. Kesho yake nilipotoka Chaka nilikuta ua mtupu na njahi zote zimechomwa. Nilipandwa na hasira, lakini sikujua nimkasirikie nani. Yeye alisema tu kwamba ameona vile ninavyozipenda pasheni zangu.

Majibu yalikuja kwa simu, mteja akingoja nimpimie waya. Virusi vya pasheni na vya njahi ni vya ukoo mmoja, afisa akasema, lakini si vile vile. Nikashika kichwa.

"Kwa hivyo njahi hazikuwa na makosa?"

"Sijasema hivyo. Njahi inaweza kubeba vyote viwili. Lakini hivi vya pasheni havikutoka kwa njahi zenu."

Nikauliza kama mama anaweza kupanda tena. Anaweza, ila mbali na hapo. Na pasheni? Pole, hizo ng'oa.

Wiki hiyo hiyo mke wangu akajifungua. Msichana, kwa hivyo jina lilikuwa tayari: la mama yangu. Tuliporudi kutoka hospitali tulimkuta mama jikoni kwetu, anaponda njahi na ndizi. Habari yangu nzuri niliitoa kabla hata sijakaa: vile virusi havikutoka kwa njahi zake, nimemtengea mahali kule chini, apande tena.

Aliendelea kuponda.

"Nipande nini, baba?"

Kibuyu chake cha mbegu kilikuwa mezani. Nikakiinua, nikakitikisa. Kulikuwa na majivu ya kuhifadhia mbegu tu.

"Huyu aliyekuja ana jina langu," akasema. "Sikutaka aingie nyumbani akute njahi ya kununua."

Mke wangu alikula, akaomba nyingine. Nami nikapewa sahani yangu. Nilikaa nayo nikitafuta kwa kijiko punje zilizobaki nzima, kama mjinga, kana kwamba njahi iliyopikwa inaweza kuota.