Unga Mweupe wa Betri

Bibi yangu kule Ushetu alikuwa na mbuzi aliyekula sabuni. Alipotokwa na povu, bibi akasema karogwa, nami nikakua naogopa kila kitu cheupe. Lakini si mbuzi niliyetaka kumsema. Juzi, mwaloni Chato, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, injini ya boti ilikataa kuwaka. Fundi, kijana tu, akafunua betri, akakuta unga mweupe kwenye vichwa vyake, akaumwagia maji ya moto, akasugua, akawasha. Ikanguruma. Mimi nikakaa chini.

Unga ule niliuona utotoni, alasiri moja yenye harufu ya dagaa na petroli. Mjomba Masanja aliendesha boti ya mzee mmoja tajiri. Siku hiyo alizungusha ufunguo, injini ikalia "tik", basi. Mzee akafunua betri, akaruka nyuma.

"Masanja! Umeniwekea dawa?"

"Mzee wangu, huo unga betri inautoa yenyewe."

"Betri inaota ukungu kama kiporo cha ugali?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kusogea mbali na mjomba. Hata mama, dada yake wa tumbo moja, alinivuta mkono tukarudi nyuma. Mjomba akatutazama mmoja mmoja. Nilidhani anachagua wa kumroga. Kumbe alikuwa anangoja mmoja wetu amtetee.

Alinawa mikono ziwani, akavaa kandambili zake, akapita katikati ya dagaa walioanikwa bila kumkanyaga hata mmoja, akaenda. Hakurudi tena.